Filimu Zinasema Juu Yetu, Tuzitazame Nasi



Sisi si mabingwa wa sinema. Kazi yetu ni kalamu na daftari: tunaandika majina ya watu wa zamu, saa waliyoingia na saa waliyotoka, tani zilizopanda na tani zilizopotea. Mtu wa namna hii akitoa maneno juu ya filimu, bingwa anaweza kumcheka. Acheke. Filimu tatu tulizotazama hapa Likasi zinasema juu ya inchi yetu, tena zinagusa udongo huu huu tunaoukanyaga kila siku. Mtu aliyepigwa picha ana haki ya kusema kama sura ni yake au si yake.

Tulizitazama namna gani? Si ndani ya jumba la sinema. Katika jumba la mtaa wetu watu wanasali sasa, tena kwa sauti kubwa, na hatuwalaumu, maana wao wanalipa kodi ya nyumba kila mwezi na mwenye sinema alishindwa. Basi tulifunga shuka mbili nyeupe katika lupango la mwenzetu mmoja, fundi wa umeme. Shuka ni za mke wake, naye alituonya tusizitoboe kwa misumari. Mashine ya kuonyeshea tuliazima kwa mwalimu. Jumamosi ya kwanza umeme ulikatika mapema, fundi wetu akaona haya kama kwamba ni yeye aliyeukata, tukachanga franka za mafuta, tukawasha mashine ndogo ya umeme nyuma ya nyumba. Kelele yake ilikula nusu ya maneno. Siku hiyo tulikuwa watu ishirini na zaidi kidogo. Jumamosi ya tatu watoto walikuwa juu ya ukuta na juu ya mwembe, na hapakuwa tena na nafasi ya kuweka kiti.

Filimu ya kwanza inaitwa Makala. Msomaji wa Dar es Salaam akisikia neno hilo atafikiri ni maneno ya gazeti, kama haya mnayosoma. Kwetu Katanga makala ni yale ya moto, yanayotia mikono weusi. Aliyeitengeneza ni Mfaransa, Bwana Emmanuel Gras, na katika mwaka 2017 ilipata tuzo kubwa ya Juma la Wahakiki kule Cannes. Angalieni mwaka huo, wandugu. Watu wa Paris waliingia katika majumba ya sinema kuitazama mwaka ule ule. Sisi tunaokaa kando ya barabara ile ile inayoonyeshwa, tumeipata miaka mingi nyuma yao, katika shuka za kuazima.

Habari yake ni fupi. Mtu mmoja, Kabwita, wa kijiji cha Walemba upande wa Kolwezi, anakata mti mkubwa. Anaukata peke yake kwa shoka, na mti hauanguki upesi, na filimu haimsaidii kwa kuruka mbele. Kiisha anajenga tanuru la udongo, anachoma, anangoja, anafungua, anatia makala ndani ya magunia. Magunia anayapanga juu ya kinga hata kinga yenyewe haionekani tena, ila gurudumu na usukani. Halafu anaanza kusukuma. Kutoka kijijini hata Kolwezi ni kilometa 50 hivi. Hapandi juu ya kinga hata mara moja, maana nafasi ya kupanda haipo. Katika dakika 96 za filimu, sehemu kubwa ni mtu anasukuma.

Tulidhani watu wataondoka. Hakuondoka mtu. Kwanza, Kabwita na mke wake wanasema Kiswahili, na maandishi ya Kifaransa chini ya picha ni kwa ajili ya watu wengine. Mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni, asiyesoma Kifaransa, ndiye aliyekuwa anatufahamisha sisi wa shule kwa nini mke yule alijibu hivi na si vile. Pili, kila mtu pale alikuwa anajua kazi ile. Watu walianza kutoa mashauri kwa sauti: funga kamba ya chini, usipite upande ule, ngoja gari lipite. Gari lilipomgonga na kuangusha kinga, na makala yakamwagika njiani, lupango lote lilipiga kelele moja. Mtu mmoja wa zamu ya usiku, mtu mkubwa mwenye mabega kama mlango, alisimama akatoka nje. Tulimkuta baadaye karibu na lango anavuta sigara. Hakueleza neno, na sisi hatukuuliza.

Hapo ndipo lilipozuka bishano. Kijana mmoja alisema: Mzungu yule alikuwa na gari, maana mashine zake za picha hazikutembea kwa miguu. Kwa nini hakumbebea magunia? Alimtazama mtu anateswa na jua, akangoja picha iwe nzuri. Mwenzetu mwingine, mwalimu, akajibu ya kwamba kama angembebea, tungeonyeshwa uongo, siku moja ya ajabu katika maisha ya Kabwita, na kesho yake angesukuma tena pasipo mtu kuona. Tulikaa juu ya neno hilo hata karibu na usiku wa manane. Sisi tunasimama upande wa mwalimu, lakini si kwa moyo mweupe kabisa. Picha nyingine katika filimu hii ni nzuri mno. Vumbi linang'aa, taa za magari usiku ni kama nyota, na kile kinanda kikubwa cha nyuzi kinalia kwa huzuni. Mtu aliyesukuma kinga kweli hakusikia kinanda. Basi tunamsifu Bwana Gras kwa kuvumilia njia yote, na uzuri ule tunamwachia yeye na watu wa Cannes.

Lakini jambo lililotuuma halikuwa la Mzungu. Kabwita anafika mjini. Kwanza watu wa njiani wamekwisha kumdai malipo ya kumpitisha, kama vile sisi sote tunavyodaiwa. Anaanza kuuza. Na wanunuzi, watu wa mji kama sisi, wanabisha bei. Wanasema gunia si la kujaa, wanasema wengine wanauza rahisi, wanamgeuzia mgongo ili awaite. Lupango likanyamaza. Kwa maana kila mtu aliyekaa pale amesema maneno hayo hayo, na wengine waliyasema asubuhi ya siku ile. Tangu saa moja tulikuwa tunamhurumia mtu yule, na sasa tunamwona anakutana na sisi. Anauliza bei ya mabati kwa nyumba anayotaka kujenga, na bei ni kubwa kuliko mzigo wake. Ana binti anayekaa mjini kwa ndugu, naye amemletea viatu. Tulizijua hesabu hizo. Tulikuwa tunajua pia nani aliyepunguza upande mmoja wa hesabu.

Mke wa fundi wetu, mwenye shuka, siku ya Jumatatu alilipa muuza makala bei aliyotajiwa, pasipo kubisha. Alituambia mwenyewe. Siku ya Alhamisi alibisha tena, maana mshahara wa mume wake haukuongezwa kwa ajili ya filimu.

Kuna neno moja ambalo filimu hailisemi, basi tuliseme sisi. Kwa nini mji wa Kolwezi unapika kwa makala? Huko Inga, karibu na bahari, mto wetu mkubwa unatoa umeme, na waya wake umevutwa kilometa 1,700 hata Kolwezi, kazi iliyokwisha mwanzo wa miaka ya 1980. Tena mto Lualaba wenyewe una mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa tangu miaka ya 1950. Umeme huo ulitafutwa kwa ajili ya shaba na kobalti, na unafika kwenye shaba na kobalti. Nyumba zinapata masalio, siku zinapopata. Sisi makarani tunaona mashine za mgodi zinazunguka usiku kucha, na tukirudi nyumbani mke anapuliza moto. Miti iliyo karibu na miji yetu imekwisha kukatwa, na kwa sababu hiyo njia ya Kabwita ni ndefu namna ile. Mtu akitaka kujua kwa nini kijana anaangusha mti wa zamani kwa shoka, asimtazame kijana peke yake, atazame na waya.

Filimu ya pili ni ya mwana wa kwetu. Inaitwa Augure, ya mwaka 2023, na mwenye kuitengeneza ni Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji. Huyu ni mwimbaji kwanza, filimu ilikuja baadaye. Jina lake kila mtu hapa analisikia namna linavyosikika: walozi. Fikirini mtu anakwenda shuleni na jina hilo. Nasi tunadhani filimu nzima imetoka katika jina.

Koffi anarudi kutoka Ulaya kuonyesha jamaa mchumba wake, Mzungu, mwenye mimba ya mapacha. Koffi ana alama usoni tangu kuzaliwa, na kwa ajili ya alama hiyo wanamwita Zabolo, ni kusema wa shetani. Baba yake ni mtu wa mgodi, na katika filimu anatafutwa kuliko anavyoonekana, jambo ambalo watoto wengi wa kambi walilifahamu pasipo kuelezwa. Siku ya mkutano wa jamaa, Koffi anapakata mtoto mchanga wa dada yake, pua yake inatoka damu, damu inamwangukia mtoto. Basi. Hapo mambo yote yanaharibika.

Tuseme kweli: wengi wetu tulipotea katikati. Filimu ina watu wanne wa kufuata, Koffi, dada yake Tshala, mama yao, na kijana Paco mkubwa wa kundi la watoto wa barabarani waliovaa nguo za rangi ya waridi kama wasichana wa kucheza. Tena kuna ndoto, na ndoto haipigi hodi kabla ya kuingia. Fundi wetu aliuliza mara tatu: huyu sasa analala au yuko macho? Sisi tuliopita shule ya misioni tulizoezwa kutafuta mwanzo, katikati, na mwisho, na tulikasirika kidogo. Lakini mabibi wazee waliokaa mbele juu ya mkeka hawakupotea hata kidogo. Mmoja alisema, wakati wa kile kikao cha jamaa, wala hakusema kwa kunong'ona: hivyo ndivyo tulivyomfanya mtoto wa dada yangu. Halafu akaendelea kutazama.

Neno hilo lilitushinda kwa siku nyingi. Katika miji yetu yote wako mashege wanaolala chini ya vibanda vya soko, na si wote waliofukuzwa na njaa. Wengine walifukuzwa na jamaa kwa sababu baba alikufa, au kazi ilipotea, na mtu akanyosha kidole kwa aliye mdogo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto juu ya ulozi. Sheria ya 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto inaweka kifungo kwa mtu anayefanya hivyo. Ni watu wangapi katika lupango lile walijua? Tuliuliza. Mwalimu alijua, na sisi tulijua habari ya sheria lakini si ya katiba. Yule bibi hakuijua, naye alikaa kimya akauliza kama sheria hiyo inashika pia mambo ya zamani. Hatukuwa na jibu zuri.

Juu ya filimu hii tuna lawama moja, nayo si ya ndoto. Baloji anawatazama jamaa kwa macho ya yule aliyefukuzwa, na ni haki yake, maana maumivu ni yake. Lakini hofu ya wale wanaofukuza haikufunguliwa sana. Kwa nini mama wa namna ile anamwogopa mwana wake? Mwishoni mama anapewa nafasi yake, na dakika hizo ni nzuri kuliko zote, nasi tulitamani angepewa saa nzima. Tena mjue hili. Filimu hii ilishinda tuzo Cannes mwaka 2023, na Ubelgiji ukaichagua iwe filimu yake ya kushindania Oscar huko Marekani. Mwana wa Lubumbashi, habari ya kwetu, lugha za kwetu, na bendera ya Ubelgiji. Hatumlaumu Baloji. Anayetoa franka za kutengeneza ndiye anayepandisha bendera, na sisi hatukutoa hata za mafuta.

Filimu ya tatu ndiyo iliyojaza ukuta. Ina jina la Kiingereza, Soundtrack to a Coup d'Etat, na ni ya Mbelgiji, Bwana Johan Grimonprez, ya mwaka 2024. Inachukua dakika 150. Hakuna watu wa kuigiza: ni picha za kweli za miaka ile, sauti za wakubwa, barua, na muziki wa jazi. Inasimulia namna gani Lumumba alivyoangushwa, na namna gani Waamerika walivyotuma wapiga tarumbeta wao duniani wakati huo huo. Katika Oktoba 1960 Louis Armstrong alipiga Léopoldville mbele ya maelfu ya watu waliofurahi, na Lumumba alikuwa amezungukwa na askari katika nyumba yake. Armstrong akafika hata Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Katika Februari 1961, habari ya kifo ilipojulikana, waimbaji Abbey Lincoln na Max Roach pamoja na wenzao waliingia katika Baraza la Usalama huko New York wakapiga kelele hata wakatolewa nje. Picha hizo ni za kweli, wandugu. Watu weusi wa Marekani walipigana na walinzi kwa ajili ya mtu wetu.

Mzee mmoja wa mtaa wetu alisema ya kwamba Armstrong alikuwa mtu wa furaha na hakujua alichotumiwa. Hata filimu inaelekea kusema hivyo. Tunakubali. Tarumbeta haikuwa na kosa.

Filimu hii ni kali na imejaa elimu. Mwaka 1960 inchi 16 za Afrika ziliingia Umoja wa Mataifa, na hapo mnaona kwa nini wakubwa wa dunia waliogopa kuhesabu kura. Mnamwona Mama Andrée Blouin, mshauri wa Lumumba, ambaye vitabu vyetu vya shule havikututajia hata jina. Mnasikia jina la Shinkolobwe, mgodi ulio kilometa 20 hivi kutoka hapa tunapoandika, uliotoa madini ya bomu la Hiroshima mwaka 1945. Na katikati ya habari za zamani Bwana Grimonprez anatupa tangazo la simu ya iPhone na la gari la Tesla, ghafula, kama la duka. Wazungu wakitazama labda hawaelewi upesi. Katika lupango letu watu walicheka kabla tangazo halijaisha, cheko baya, la watu wanaojua kobalti inatoka wapi.

Hata hivyo, sisi tunaiweka nyuma ya Makala, na tutasema kwa nini, ijapokuwa wenzetu wengi hawakubali. Kwanza, ni filimu ya kusoma. Maandishi yanapita upesi juu ya picha, kwa Kiingereza na Kifaransa, na mashine ya umeme inanguruma, na sisi tulilazimika kutafsiri kwa kupaza sauti hata tukakauka koo. Wenye shule walifurahi. Wengine waliona Khrushchev anapiga meza, wakacheka, wakangoja tarumbeta irudi. Pili, wachimbaji wanapita ndani yake upesi kama watu wanaoonekana katika dirisha la treni. Wafalme wanasema, mabalozi wanasema, waimbaji wanasema. Aliyetoa jiwe la Shinkolobwe kwa mikono yake hasemi. Katika daftari letu hata mtu wa siku moja ana jina na namba.

Tatu, na hili ni zito: mtu anaweza kutoka katika filimu hii akaenda nyumbani na usingizi mzuri. Atasema: Waamerika, Wabelgiji, Umoja wa Mataifa. Ni kweli, yote ni kweli, na vitabu vimeandikwa. Lakini usiku wa 17 Januari 1961, Lumumba, Mpolo, na Okito walipouawa porini karibu na Elisabethville, mawaziri wa Katanga walikuwapo pia, watu wenye majina ya kwetu. Mwaka 2022 Ubelgiji ulirudisha jino, ndilo pekee lililobaki la mwili wake, na jeneza lake lilipitishwa hata Shilatembo, mahali pa kuuawa, kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Watu wa Katanga walilipokea kwa machozi, na machozi yalikuwa ya kweli. Mzee yule wa Armstrong alituambia, baada ya shuka kufunguliwa, ya kwamba mwaka ule wa 1961 alikuwa mtoto, na katika mtaa wao wako watu waliopika pombe siku habari ilipofika. Filimu yenye dakika 150 haikumgusa hapo. Makala ilimgusa kila mtu katika dakika kumi za soko.

Wazee wanakumbuka sinema ya kambi wakati wa Union Minière. Wakati huo filimu sherti zipite kwanza mbele ya kamati ya wakoloni, nayo ilitenga zile za Wazungu na zile za weusi, kwa kuogopa tutaiga mabaya. Kwa weusi zilifaa filimu za kunawa mikono, za kumtii daktari, na zile za kuchekesha za Padri Albert Van Haelst, Matamata na Pilipili, ambazo mzee wetu anacheka hata leo akizitaja. Na filimu za kauboi zilipita katika tundu la kamati. Vijana wa Léopoldville wakaziiga, wakajiita Mabill kwa jina la Buffalo Bill. Kamati ilikuwa na haki ya kuogopa, ila haikujua cha kuogopa.

Leo kamati hiyo haipo. Hakuna amri inayomkataza mtu wa Likasi kutazama Makala. Ila filimu haiji, na matokeo ni yale yale, tena pasipo mtu wa kumlaumu waziwazi. Tunajua sababu: jumba la sinema linataka umeme, paa, tiketi zinazouzwa, na mwenye filimu huko Ulaya anataka kulipwa. Sisi hatuombi zawadi. Siku ya tatu tulipitisha kikapu, kila mtu alitoa alichoweza, na hesabu yake tunayo katika daftari, mtu yeyote aje aitazame. Tunachotaka kwa wale wanaokuja na mashine zao kupiga picha migodi yetu, vijiji vyetu, na wafu wetu, ni vitu viwili: watie maandishi ya Kiswahili chini ya picha kama wanavyotia ya Kifaransa, na nakala moja iletwe huku mwaka ule ule inapofika Paris na Brussels. Sisi tutatafuta shuka.

Na kwa hawa wa kwetu wenye ukumbi, wa parokia, wa chama cha wafanyakazi, wa shule: ukumbi wenu unakaa tupu Jumamosi jioni. Tumekwisha kwenda kwa wawili kuuliza. Mmoja alisema atafikiri. Wa pili alitaka kujua kwanza kama ndani ya filimu wanabusiana.

Mwalimu anaihitaji mashine yake tangu tarehe 15, basi iko Jumamosi moja tu iliyobaki mwezi huu. Watu wanaomba Makala irudiwe, kwa ajili ya waliokosa nafasi na kwa ajili ya yule bwana wa zamu ya usiku, aliyesema sasa yuko tayari kuona mwisho. Shuka zimefuliwa. Mwenye kiti aje na kiti chake.